Kifungu cha Kamba

Theluji inafika magotini, nasi tunajadili kiangazi.
Ukumbi wa chini, kanisa la Kilutheri, Allentown:
viti vya kukunja, kahawa iliyochemka mpaka ikakasirika,
chumvi ya barabarani ikiyeyuka chini ya viatu
na kuchora ramani nyeupe sakafuni.
Mabwawa saba ya mtaa, wajumbe wawili wawili,
na mimi katibu: kalamu ninayo, kura sina.

Ajenda ya kwanza, tarehe ya kuhesabia umri. Ikapita.
Ya pili, mavazi ya bei mbaya
yanayokamua nusu sekunde kutoka kwenye paja la mtoto.
Yakapigwa marufuku; baba mmoja akaguna.
Ya tatu, nani alete machungwa. Dakika arobaini.

Kisha ya nne:
“Mwogeleaji wa miaka sita au pungufu
akishika kamba ya njia yake ili apumue,
asienguliwe.”

Akasimama Bwana Stoltzfus, mwamuzi,
miaka ishirini na miwili ya filimbi
hata shingo imeinama upande inakoning’inia.
“Leo kamba,” akasema, “kesho ngazi,
keshokutwa tutawavusha mgongoni.
Sheria ni msumeno.”
“Basi usimwachie mtoto auchezee,”
akajibu kocha Renata Wojcik, hata hakuinuka,
“na anayejua pa kushika
ameshajua nusu ya kuogelea.”

Venkataraman, mtu wa hesabu, akagawa karatasi:
Julai iliyopita walienguliwa kumi na tisa,
kumi na mmoja hawakurudi tena.
Kimya.
“Wengine walihama,” mtu akasema.
“Wengine klorini iliwakataa.”
Bomba la joto likagonga ukutani, likanyamaza.

Nilikuwepo Julai hiyo, na saa mkononi, njia ya sita.
Yarelis Cotto, miaka mitano,
kofia ya kijani, miwani imejaa maji.
Yadi ishirini na tano: kwetu ni hatua chache,
kwake ilikuwa safari ya kufungasha chakula.
Katikati akaishika kamba. Mara moja, mkono mmoja,
kama anayejaribu kitasa cha mlango asioujua.
Akatutazama sote, akaiachia,
akaendelea.

Alipogusa ukuta nilibonyeza:
hamsini na nane, nukta nne moja.
Mkono wa Stoltzfus ulikuwa hewani zamani.
Wakampa kile kikaratasi cha njano
chenye jina lake na kosa lake,
naye akakimbia nacho, maji yakimchuruzika,
kumwonyesha mama yake,
akidhani ni tuzo.

Hayo sikuyasema ukumbini.
Katibu hana kura; sikumbuki ni nani
aliyeniambia hana na mdomo.

Kura: saba kwa saba.
Bi Dieffenbach, mwenyekiti, akavua miwani,
akaifuta kwa ncha ya sweta, akaifuta tena.
“Tuahirishe,” akasema, “hadi Februari ijayo.”
Watu wakashusha pumzi kama waliookolewa,
wakaanza kukunja viti.

Nje nikakwangua barafu kiooni
kwa kadi ya maktaba iliyokwisha muda,
nikipiga hesabu zangu.
Kiangazi hiki atakuwa na sita, filimbi ni ileile.
Tukija kukubaliana atakuwa na saba,
na kifungu hakitamhusu.
Atakuwa amejifunza kupumua,
au amejifunza kutokuja.

Niliandika: Ajenda ya nne, imeahirishwa.
Pembeni, kwa penseli, 58.41.
Jumanne Bi Dieffenbach akanipigia simu.
Kumbukumbu ni safi, akasema,
ila ile namba pale pembeni, ni ya nini?
Nikamwambia ni muda.