Hatua Mbili Kaskazini ya Leseni Yangu

Ghala la Bi Ardith liko Iowa.
Nyumba yake iko Minnesota.
Katikati kuna uwanja wa kuku, kamba ya kuanikia nguo,
na mpaka ambao kuku hawajafundishwa.

Mimi ni mthamini. Jina langu, Leland Brandvold,
limo katika daftari la Des Moines mwaka wa ishirini na mbili huu,
ada imelipwa, saa za mafunzo zimetimia,
hata zile za maadili, ambazo huzisikiliza nikila mkate.
Ghala nililipima asubuhi: futi arobaini kwa sitini,
bati la mwaka wa mafuriko, boriti za mwaloni
zilizochongwa na mtu asiye na haraka.
Niliandika. Nilikuwa na haki ya kuandika.

Kisha akanikaribisha kahawa.

Nikavuka uwanja. Nilipofika kwenye nguzo ya kamba ya nguo
kalamu yangu ikawa kijiti.
Macho hayakujua. Macho hayakatiwi leseni:
yalikwenda yenyewe hadi kwenye msingi wa mawe,
yakahesabu madirisha, yakaona ufa juu ya mlango wa jikoni
(wa zamani, umetulia, hautishi),
na sakafu ya msonobari inayolia mahali pamoja tu,
karibu na jiko, alipozoea kusimama marehemu Orrin.
Kabla sukari haijayeyuka nilikuwa na tarakimu.
Ilininasa kichwani kama ganda la bisi kati ya meno.

"Haya," akasema, "inafika dola ngapi?"

Nikamweleza. Kuna bodi nyingine, ng'ambo ya kuku wako.
Hutoa kibali cha muda, kwa kazi moja, kwa mali moja.
Fomu nimekwisha kutuma. Umewahi kuadhibiwa? Hapana.
Umewahi kutumia jina jingine? Hapana.
Sasa barua ya kunithibitisha itoke Des Moines iende St. Paul,
kama mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani,
akafika, akasahau, akarudi kuuliza.

"Lakini umekaa ndani yake. Unaiona."
"Naiona."
"Na udongo ni uleule."
"Ni uleule."
Akanimiminia kikombe cha pili, kwa adabu,
kama anayemmiminia bubu.

Msidhani naitukana sheria.
Nilikuwa kijana walipokuja wale wa magari ya kukodi,
wasiojua kijito chetu hupanda hadi wapi mwezi wa Aprili,
wakaandika bei ambayo benki ilikuwa imeshawanong'oneza.
Baba alitia sahihi chini ya tarakimu kama hiyo.
Alikufa bado anadaiwa.
Ndiyo maana bodi huuliza: wewe nani, na nani anakujua?
Swali ni halali.
Ni miguu yake tu mizito.

Jumatatu akaja jirani, Delmar Stroeve,
na hundi iliyokwisha kuandikwa.
Yake ilipungua yangu kwa elfu arobaini na moja.
Hakumdanganya. Aliuliza tu kama atapokea.
Naye, ambaye hakuna aliyemwambia neno,
ambaye mthamini wake alikunywa vikombe viwili akaaga,
alipokea.

Kibali kilifika Alhamisi.
Jina limeandikwa sawasawa, hata ile "d" ya mwisho
ambayo kila mtu huisahau.
Kinatumika, kimesema, hadi kazi itakapokamilika.
Kazi haipo.
Basi nadhani kitatumika milele.

Siku nyingine napita kule na gari, napunguza mwendo.
Kuku wameuzwa. Nguzo Delmar hajaing'oa.
Nasimama upande wa kaskazini, kioo nimeshusha,
tarakimu ninayo, kibali ninacho,
naruhusiwa kusema.