Ufito wa Saba

Gereji ya Sleyum, Wadi Kabir, saa nne, joto limeshapanda.
Landkruza ya bibi imevuliwa kifuniko,
fito kumi na mbili zimechomekwa kwenye katoni ya halua,
kila mmoja na namba yake kwa wino.
"Ukizichanganya, utajuta."

Anazibingirisha juu ya kioo, mmoja mmoja.
Wa sita unateleza kimya.
Wa saba unacheza: tik, tik.
Umepinda kiasi cha unywele.

"Chini kuna kemshafti," anasema, "ina vinundu.
Kinundu kikija juu, ufito unapanda,
unanyanyua mkia wa roka, kichwa kinainama,
valvu inafunguka, injini inavuta pumzi.
Ufito wenyewe hauonji petroli, moto hauujui.
Kazi yake kufikisha."

Bibi, kwenye kiti cha plastiki,
anauliza bei kwa Kiswahili.
Muuza vipuri, kijana wa Nizwa, anajibu kwa Kiarabu.
Mimi katikati,
napanda, nashuka.

Riyali nane, amesema.
Nafikisha: tano.

Bibi anakitazama kioo,
kisha ananitazama mimi.
"Na wewe," anasema, "wa saba."