Jumanne Haina Treni

Wiki ya tisa bila wingu, mto wetu pale Gulwe
ulikuwa mchanga mtupu, mpana kama uwanja wa mnada.
Tukauchimba. Kwanza urefu wa mkono,
kisha wa mtu, kisha wa mtu na ngazi.
Maji yalikuja kijiko kwa kijiko.
Wifi yangu Nyemo aliyachota kwa kata,
akiyasubiri kama anayemdai mtu mkorofi:
bila hasira, bila kuondoka.

Mbali, juu ya Kiboriani, palikuwa na weusi kidogo,
kama sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Simu ikalia. Shemeji, toka Mpwapwa:
"Huku inamwagika! Mtu haoni mkono wake!"
Nikamwambia, hongereni.
Ndilo neno nililosema. Hongereni.
Nikakata, kulinda chaji.

Kwetu jua lilikuwa utosini.
Punda wa Chilongani wakagoma kushuka mtoni.
Wakachapwa. Wakagoma.
Upepo ukapita juu ya mchanga mkavu,
wa baridi, una harufu ya udongo uliolowa,
na mimi nikafumba macho nikaufurahia.

Kisha mvumo.
Watoto wakaruka: "Treni! Treni!"
wakatupa madumu, wakapanda tuta la reli
kwenda kupungia mikono abiria,
saba wote, na Mahinyila wa Nyemo nyuma kabisa,
kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.
Nyemo akacheka, bega zima limezama kisimani.
Miaka kumi na moja ameuza karanga stesheni,
ratiba anaijua kuliko mwenye kofia na kibendera.
"Jumanne haina treni," alisema.

Na ni kweli, haina.

Hayakuja kama maji.
Yalikuja kama ukuta wa takataka unaotembea:
magogo, mabua ya mtama, mbuzi,
mlango mzima, kufuli bado limefungwa,
na mbele yake povu la rangi ya chai ya maziwa.
Nilikuwa ukingoni. Nilimwita.
Aliinua kichwa, akaona, akageuka
akatazama kwanza ndoo.
Ilikaribia kujaa. Ilikuwa asubuhi yake yote ile ndoo.

Tulimpata Alhamisi, chini huko Godegode.
Reli ilining'inia hewani kama kamba ya kuanikia,
tuta limeliwa, mbwa asingeweza kuruka pengo lile,
hatua mia tu toka pale watoto waliposimama
wakiisubiri treni.

Sasa nina daftari la namba.
Watu wa milimani wananipigia mimi kwanza,
usiku wa manane, wakati wa ibada, wakati wowote,
na siwaambii hongereni.
Kipande cha reli ile nimekitundika shuleni kwa waya.
Nakigonga kwa nati mpaka mkono ufe ganzi.
Hapo ndoo inabaki. Dumu linabaki, hata jipya.
Kiatu hakifuatwi.
Tunakwenda juu, si mbele, maana mbele hutamshinda.
Na asivuke mtu kwa kuwa maji ni ya kifundo:
nimeona kifundo kikiwa kiuno
kabla mwanamume hajamaliza kukunja suruali.

Wapita njia wa pikipiki hutucheka,
kijiji kizima kinakimbia jua linawaka.
Wacheke. Mbingu ya hapa haijui kitu.
Mto wetu unanyeshewa kwa watu.

Juzi Mahinyila, ndevu zinaanza,
alinishikia waya nikifunga fundo upya.
Akaniuliza, bila kunitazama,
"Shangazi, mama alikosea?"
Nilikaza fundo. Nililikaza tena.
"Hapana," nikamwambia.
"Jumanne haina treni."