Jasho Sakafuni

Juni imekwisha, na mkataba wake umekwisha nayo.
Hapa Šiauliai jua la kiangazi huchelewa kuzama hadi saa nne za usiku,
watu wana mwanga mwingi wa kubishania.

Kantini, kando ya supu baridi ya bitiruti,
ya waridi kama ufizi wa mtoto mchanga,
Vaidotas wa gereji ametandaza hesabu zake:
Tautvydas, pointi kumi na saba kwa mchezo;
Eligijus, kumi na tisa na nusu.
"Hiyo nusu ya pointi hufungwaje?" nikamwuliza.
Hakucheka. Hesabu ndiyo dini yake.
"Eligijus ni nyota," akasema. "Huyu wenu ni mwezi,
anang'aa kwa mwanga wa kuazima."
Bronė wa tiketi akagonga kijiko:
"Mwezi ndio unaovuta bahari, bwana."

Mimi sina karatasi. Nina dekio.
Miaka ishirini na miwili nimekaa chini ya kikapu cha kaskazini
nikingoja mtu aanguke.
Akianguka nakimbia, nafuta, narudi.
Sekunde nne. Runinga inaujua mgongo wangu tu.

Kwa hiyo nawajua kwa jasho.
Eligijus huanguka kwa ufundi,
mikono hewani, jicho kwa refa,
na chini yake mbao ni kavu.
Nimewahi kufuta pakavu mbele ya watu elfu tano
nisije nikamwaibisha.
Lakini sitasema hajui mpira, ulimi wangu utaoza.
Usiku ule wa Klaipėda alirusha kutoka kona,
mgongo nusu umeelekea kikapu,
ukumbi ukanyamaza hata nikausikia wavu
ukivuta pumzi.

Tautvydas huacha dimbwi lenye umbo la mtu:
bega, nyonga, kiganja.
Kabla sijafika huwa ameshachomoa taulo kiunoni
anafuta mwenyewe.
Mara moja tuligongana vichwa.
Nilikwenda na nundu nyumbani, nikaionyesha kama medali.

Jana alikuja peke yake, na ndala miguuni,
akaipindua ndoo yangu, akaikalia.
"Piraeus wananipa nyumba inayotazama bahari.
Valensia wana kocha anayelijua jina la binti yangu.
Istanbul wana pesa, pesa,
mpaka wakala wangu ameanza kunong'ona.
Hapa wananipa nusu,
na jezi yangu juu ya dari nikizeeka."
"Na goti?"
"Goti halijasaini popote."

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tunavyosema.
Nilitaka kumwambia hivyo, ikanikwama.
Yule aliyevaa namba nane kabla yake
alicheza kwao hadi nyonga ikakataa.
Leo anauza matairi barabara ya kwenda Joniškis,
na ukimsalimia
huziba mdomo kwa mkono, kwa ajili ya meno.
Jezi yake ipo darini kweli. Mimi ndiye ninayeipangusa vumbi.

"Kaikague sakafu yao kwanza," nikasema.
"Lala juu yake. Mbao zisizo na mpira chini yake
hula goti kama nondo anavyokula sufu.
Kisha umtafute anayefuta, umwulize
nyota wao wakianguka huacha nini."

Akainama, akacheka, akanyamaza.
"Samahani," akasema. "Jina lako ni nani hasa?"

Misimu sita.
Sita, na nundu moja.

"Danguolė," nikasema.
Akalirudia mara mbili, polepole,
kama anayejifunza mchezo mpya ubaoni.
Akaondoka, na hakusema ni wapi.

Kantini bado wanabishana.
Vaidotas ameongeza safu ya goti kwenye karatasi yake.
Wananiuliza, wewe uliye karibu nao, unaonaje?
Nawaambia supu inapata joto.

Asubuhi ndoo ilikuwa imeacha duara la maji katikati ya uwanja.
Nilisimama na dekio mkononi,
nikalitazama kwa muda mrefu kuliko sekunde nne.