Kunja, Kata, Kunjua

Karatasi ni za mitihani ya mwaka juzi:
upande mmoja maksi za watoto waliokwisha hama,
upande wa pili mweupe, na huo ndio wetu.
Kila rundo nimelikandamiza kwa jiwe,
maana upepo wa Mlali hauna hodi,
na madirisha yetu ni matundu
yaliyopewa heshima ya kuitwa madirisha.

Neno la leo ni ulinganifu.
Nimeliandika ubaoni, limekula nusu ya chaki.
Darasa la Tatu wakalisoma, u-li-nga-ni-fu,
kama wanaovuka korongo kwa kurukia mawe.
Maana yake nini?
Nyemo akasema, "Kugawana bila kugombana."
Sikumkosoa.

Nilianza na karanga,
kwa kuwa huku Kongwa karanga haingoji bajeti.
Kila mtoto punje moja. Pasueni. Linganisheni.
"Sawa kwa sawa!" wakaitikia,
isipokuwa Chilewa wa dawati la nyuma,
aliyezisogeza nusu zake hadi kwenye kope:
"Mwalimu, huyu ana kipua, mwenzake hana."

Kweli. Kile kichipukizi, kidogo kama jino la panya,
hukaa upande mmoja tu.
Miaka kumi na minne nafundisha,
karanga nazila tangu meno ya maziwa,
na sikuwahi kukitazama.
Kabla sijapata la kumjibu
darasa lilikuwa limeshautafuna ushahidi.

Tukaenda kwenye rangi:
udongo mwekundu wa nyuma ya choo cha walimu,
mkaa uliosagwa, bluu ya kufulia shuka,
maji ya zabibu zilizokataliwa sokoni.
Tone moja kando ya mkunjo, funga,
bonyeza kwa kiganja, hesabu mpaka kumi,
fungua.
Kipepeo! Uso wa ng'ombe! Mapafu!
Nami napita kati ya madawati nikisema mhimili, mhimili,
nikionyesha kwa kidole mstari
ambao hakuna aliyeuchora.
Upande uliopokea rangi
hufifia kuliko upande uliotoa.
Hilo nililiona mwenyewe, nikanyamaza nalo.

Mwisho, mikasi.
Mitatu, kwa watoto hamsini na saba.
Choreni nusu ya mtu, mgongo wake uwe mkunjo:
nusu kichwa, mkono mmoja, mguu mmoja.
Kateni. Kunjueni.
Wakatoka watu wazima, yaani wasio na pengo,
wengine shingo za twiga,
mmoja hana shingo kabisa,
wote wametandaza mikono kama wanaozuia kuku wasitoke.

Mbeleje alikata upande usio wa mkunjo.
Alipofungua, mtu wake akaachana:
huku mkono wa kulia, huku wa kushoto.
Nikamwendea na karatasi nyingine,
nimeshaiandaa ile sauti
tunayowawekea watoto waliokosea.
Hakuihitaji.
Alikuwa amezilaza nusu zake dawatini,
moja ukingo huu, moja ukingo ule,
katikati ameacha ubao mtupu,
upana wa viganja viwili.
"Huyu yuko Kibaigwa anapakia mahindi," akasema.
"Huyu yuko nyumbani."
Na hapa katikati?
Akanitazama kama nimemuuliza jina la jua.
"Hapa ni njia. Jumamosi napita mimi."

Mwongozo wa kusahihisha unasema
alama tano nusu zikilingana,
sifuri zikitofautiana.
Nikaomba ruhusa yake,
nikazipandanisha, moja juu ya mwenzake, nikazielekeza kwenye mwanga:
hazikupishana hata unywele.
Nikazirudisha zilipokuwa,
kila moja ukingoni kwake.

Nje wakagonga ringi ya gari, darasa likamwagika.
Upepo ukaingia.
Mkononi nilikuwa na jiwe moja.
Nikatoka kutafuta la pili.