Futi Kumi na Moja

Mwaka ule Ngome ilikuwa bado jela,
nami nikiendesha mashine ya sinema nyuma ya Makadara,
chumba cha bati, joto la tanuri,
makaa ya taa yakinijaza masizi puani.

Ikaja picha ya Kimarekani:
kuta, king'ora, wafungwa wa mistari,
na mwanamke wa kofia ya manyoya apendwaye na wawili,
mmoja ndani, mmoja nje.
Kiingereza chao hakikutushughulisha.
Mapenzi, Mombasa, twayasoma mabegani.

Ijumaa baada ya sala niliukagua mkanda peke yangu.
Reli ya nne. Yule wa nje anavua kofia,
anakaa mbele ya nyavu za chuma,
anamwambia mfungwa: ni mimi.
Ni mimi niliyekwenda polisi.
Hakupaza sauti. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Nami nikatazama vyangu.

Kwani Faki Mbwarali alikuwa pale Ngomeni,
hatua mia sita kutoka mashine yangu,
miaka mitatu kwa magunia mawili ya kahawa ya Kilindini,
na aliyemnong'onea koplo hakuwa shetani.
Kila Jumapili Mwanatumu humpelekea mikate ya mofa,
wa kwanza ukiliwa na askari wa mlangoni.
Akirudi hupita kwangu, kikapu kitupu,
anieleze amekonda kiasi gani.
Nikimfariji. Nilikuwa hodari wa kufariji.

Na Jumamosi ile nilikwisha mpa tikiti.

Wembe ulikuwa wa ndevu.
Futi kumi na moja, chwaa,
nikaunga kwa gundi, pumzi nimeizuia,
mkono mkavu kama wa ngariba.

Usiku, ukumbi umefurika,
maganda ya njugu yavunjika chini ya viatu.
Ikafika pale: mtu anavua kofia,
na papo hapo yuko barabarani, mvua yamnyea, alia.
Watoto wa mbele wakapiga mbinja: "Mkanda! Mkanda!"
Mwanatumu hakupiga kelele.
Katika giza lote lile aligeuza shingo
akalitazama tundu langu,
tundu dogo litokalo mwanga.

Tulioana mwaka Ngome ilipoacha kuwa jela.
Faki alitoka, akashika njia ya Tanga, hakuaga mtu.

Miaka arubaini na mbili, watoto watano,
hakuniuliza kitu.
Jana tu, akipepeta mchele, uso ungoni:
"Yule alolia mvuani,
kwani alikuwa amefanyani?"
Nikasema mkanda ulikatika.
Akasema, "Aa," akapuliza makapi.

Mkebe uko chini ya kitanda, nyuma ya viatu vya harusi.
Sikuweza kuuchoma, sijui kwa nini.
Mkanda ukizeeka hunuka siki.
Chumba kizima chanuka siki,
na kila alfajiri, kabla sijaamka,
ni yeye afunguaye madirisha.