Greda la Saa Tisa

Saa tisa kasoro dakika saba
mwili huniwashia taa.
Sikuuomba. Hauna adabu.
Moto unaanzia kifuani, unapanda shingoni,
unafika masikioni kama umbea,
kisha jasho: mgongo, makwapa, nyuma ya magoti,
pahali nisipojua kama pana kisima.

Hedhi iliniaga mwezi Machi
na haikurudishia mlango.
Haya yote yameingia hapo.

Nje, Kemijärvi imelala chini ya baridi, nyuzi ishirini na sita,
ziwa limeganda hata malori yanakatisha juu yake,
na mimi, Tellervo, mwaka wa hamsini na mbili,
nimelowa chapachapa ndani ya shuka.
Nafungua dirisha. Ilpo hashtuki.
Siku hizi analala na kofia ya sufu
na soksi mbili mbili, maskini wa Mungu,
kama mwanamume aliyeoa upepo.

Joto si kitu. Joto huja, likapita.
Ninachokihofia ni kile kinacholitangulia.

Niko kwenye greda, lilelile la kazini,
nasukuma theluji njia ya Isokylä,
sepeto linaichana, linaitema kando,
na chini yake zinatokea nywele.
Nywele za mama, za miaka yake ya mwisho.
Nakanyaga breki: breki ni uji.
Napiga ukelele: sauti ni pamba.
Sepeto linakwenda.

Usiku mwingine ni Säde wangu,
ana miaka minne tena, koti jekundu,
nampita, namwona kwenye kioo
akipungua, akipungua, nukta.

Nikizinduka, jinamizi bado limenikalia.
Hushuka taratibu, bila papara,
kama mgeni aliyeacha mzigo wake kwako makusudi.

Muuguzi Orvokki pale zahanati hakunicheka.
Alisema: "Gari likiharibika breki hulitupi ziwani.
Iandike ndoto. Kisha mchana, ukiwa macho,
uubadili mwisho wake."
Mimi ndiye niliyecheka. Maisha yangu yote
nimeandika kilomita na lita za dizeli.
Lakini mfa maji haachi kutapatapa,
nami nilikuwa na wiki tatu sijalala.
Nikachukua daftari la gari.

Hitilafu: Breki hazishiki. Mama yuko barabarani.
Hatua iliyochukuliwa:

Hapo kalamu ilisimama siku mbili.

Siku ya tatu nikakumbuka jambo
ambalo sikujua ninalo:
mama uani, usiku wa manane, katikati ya kipupwe,
gauni la kulalia, miguu mitupu,
akipasua kuni ambazo hatukuzihitaji.
Baba alisema, muacheni, ana hasira.
Tukamwacha. Miaka mingapi tulimwacha.
Kuni zilifika dirishani.

Hatua iliyochukuliwa: Nimezima injini. Nimeshuka.
Nimempangusa theluji kwenye nyusi.
Nimempandisha, nimemketisha kiti cha pembeni.
Amesema, mbona humu mna joto hivi.
Nimemwambia, mama, ni mimi.
Amecheka mpaka kioo kikaingia ukungu.

Nausoma ukurasa huo kila jioni, kwa sauti,
huku Ilpo akijifanya anatafuta soksi.

Sisemi nimepona. Jana breki ziligoma tena,
ila greda lilikwenda mwendo wa jongoo,
nikapata muda wa kumtazama uso.
Niliamka saa tisa kasoro dakika tatu.
Dakika nne za faida.

Saa kumi nikaingia kazini, hita nimezima, kioo nimeshusha.
Kwenye kona ya Isokylä nikapunguza mwendo.
Theluji tupu, haina hata nyayo za sungura.
Nikapiga honi hata hivyo,
mara moja, fupi.